Jiwe, kamba na miti mitatu: nilivyozuia udongo usiteremke

Shamba aliloniachia baba liko Lushoto, kwenye mteremko ambao kiazi kikikuponyoka mkononi unakifuata bondeni. Masika ya kwanza nilipanda maharage. Ikanyesha usiku mmoja tu, asubuhi nakuta vijifereji kila mahali na mbegu zangu zimehamia kwa jirani wa chini. Zikaota kwake. Akaniita kwa sauti: "Bwana we, asante kwa mbegu na mbolea!" Nikacheka, lakini iliniuma.

Nikachimba makinga maji, yaani mitaro na matuta ya kukatiza mteremko, nikipima usawa wake kwa macho. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Palipobonyea kidogo maji yalijikusanya, yakavunja tuta, yakaenda kwa kasi kuliko mwanzo. Korongo lililochimbika siku ile mpaka leo naliziba kwa mawe.

Mzee mmoja kijijini ndiye aliyenifundisha fremu A, kifaa cha kupimia usawa chenye umbo la herufi A. Miti miwili ya kama mita 2 inafungwa kileleni, wa tatu unakatiza katikati, na kutoka kileleni inaning'inia kamba yenye jiwe. Unaisimamisha, unaweka alama kamba inapogusa ule mti wa katikati, unageuza miguu, unaweka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa ulipo. Kisha unatembea nayo shambani, mguu baada ya mguu, ukichomeka kijiti kila kamba inapotulia hapo katikati. Fanya asubuhi mapema. Upepo wa mchana unachezesha jiwe mpaka unakata tamaa. Mstari wa vijiti vyangu ulipinda mahali ambapo ningeapa ni sawa kabisa.

Kwenye mistari ile nikachimba fanya juu: mtaro wa sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, udongo unarushwa upande wa juu. Kurusha udongo kupanda mlima si mchezo, mgongo unajua. Mama alipinga, akikumbuka simulizi za matuta ya mkoloni. Na hakukosea: kwenye milima ya Uluguru, Morogoro, watu waliyapinga kwa ghasia mwaka 1955, maana matuta ya ngazi yalifukua udongo wa chini usio na rutuba ukabaki juu. Nikamwonyesha kwamba hapa shamba lenyewe halifukuliwi, ni mtaro tu; ngazi inajijenga yenyewe taratibu kadiri udongo unavyokwama nyuma ya tuta.

Juu ya tuta nikapanda majani ya Guatemala, aina ya majani marefu ya malisho. Bila majani, tuta linamomonyoka. Masika yaliyofuata mtaro ulijaa tope jeusi, nikalichota kwa sepetu na kulirudisha juu. Kwa jirani hakikuota kitu changu.

Kero iliyobaki ni mstari wa mahindi ulio karibu na majani; unadumaa kila msimu. Safari hii sikupanda mahindi pale, nimeongeza majani, ng'ombe wa bandani atanufaika.