Slim, mwalimu wa Birmingham, na ile kampi yetu ya Saio

Juzi niko kwenye moto (pikipiki), tunapita mbele ya kampi ya jeshi Saio hapa Bukavu, motari akaniuliza, "Mzee, huyu Saio alikuwaka nani?" Nikamwambia si mtu, ni mji wa kule Ethiopia, mwaka 1941 askari wa Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji, walitoka huku Congo wakapita Sudan mpaka kule, na tarehe 3 Julai jenerali wa Italia, Gazzera, akaweka silaha chini mbele ya jenerali wao Gilliaert. Akacheka tu, naona alidhani namtania.

Basi usiku nikaanza kusoma tena ile vita, na ndani yake nikakutana na Muingereza mmoja anaitwa William Slim ambaye mpaka leo hajanitoka kichwani.

Huyu hakuzaliwa tajiri. Biashara ya baba yake ilianguka, yeye akafundisha watoto kwenye shule ya mtaa wa maskini Birmingham, halafu akawa karani. Vita ya 1914 ndiyo ilimfanya ofisa. Akaumia Gallipoli kule Uturuki, akaumia tena Mesopotamia (Iraki ya leo), baadaye akaenda jeshi la India na Wagurkha, askari wa kutoka Nepal, na lugha yao akaisema. Pesa ilikuwa kidogo hata akawa anaandika hadithi za magazeti kwa jina la bandia, Anthony Mills, jenerali mzima wa kesho!

Novemba 1940 yuko Gallabat, mpaka wa Sudan na Ethiopia, anapiga Waitalia. Akashindwa. Na chenye napenda ni kwamba baadaye aliandika mwenyewe kwamba kosa ni lake, alichagua njia ya usalama ju ya woga wakati angeweza kusonga mbele. Wakubwa wangapi unawajua wanasema vile? Miezi michache tu ndege ya Italia ikamjeruhi Eritrea, kwa hiyo wakati wetu wanaingia Saio yeye hakuwa upande ule tena.

1942 wakamtupa Burma (Myanmar ya leo), jeshi linakimbia Wajapani, karibu kilomita 1,500 kwa miguu mpaka India, mvua, njaa, kuhara. Hapo alijifunza adui wake wa kweli. Mwaka 1943, kwa kila askari mmoja aliyetolewa mbele na jeraha, 120 walitolewa na ugonjwa, malaria ikiongoza! Sisi tunaolala chini ya musikitele tunaelewa vizuri. Dawa ilikuwa mepakrini, inageuza ngozi manjano, na askari wanaambiana eti inamaliza nguvu za kiume, basi wanaitema. Slim akaanza kupima askari kwa ghafla, kikosi kikikutwa hakimezi, komanda wake anafukuzwa. Alifukuza watatu tu, wengine wote wakaelewa haraka sana.

1944 akavunja Wajapani Imphal na Kohima kule India, Machi 1945 akachukua Mandalay, Mei Rangoon ikaanguka, na siku zilezile mkubwa wake Leese akataka kumtoa kwenye kazi! Mtu ameshinda halafu unamtoa. Makelele yakawa mengi, mwisho Leese ndiye aliondoka na Slim akakaa kwenye kiti chake. Baadaye akawa mkuu wa jeshi lote la Uingereza, halafu Gavana Mkuu wa Australia 1953 mpaka 1960.

Lakini mimi akili inarudi kwenye bonde la Kabaw kule Burma. Slim alituma huko divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland (Malawi ya leo), kwenye lile bonde la malaria, mvua inanyesha, wanasemeshana Kiswahili kwenye matope ya Asia, mpaka Desemba 1944 wakafika Kalewa. Na pamoja nao ilikuwa hopitali ya jeshi kutoka Congo, wauguzi wetu wanafunga vidonda vya hao vijana. Saio tuliipa kampi. Jina la Burma sijaliona hata kwenye kichochoro.