Daftari la Desemba

Sisi huwasomesha watoto wetu watatu nyumbani, Houston, jimboni Texas, na huu ni mwaka wetu wa sita. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 12, wa pili binti wa miaka 9, na kitinda mimba ana miaka 5. Sheria za Texas huihesabu nyumba inayosomesha watoto wake kuwa aina ya shule binafsi, jambo ambalo Mahakama ya Juu ya jimbo ililithibitisha mwaka 1994, na linalodaiwa kwa mzazi ni kwamba afundishe kwa dhati, awe na mtaala unaoonekana kwa macho, na mtaala huo uwe na masomo 5: kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Hakuna mkaguzi anayekuja kubisha hodi. Hata hivyo nimejiwekea daftari lenye safu 5 katika kila ukurasa, na kila usiku, watoto wakishalala, huandika kila mmoja alichojifunza siku hiyo. Miezi mingine yote daftari hilo hujazika bila taabu. Desemba ndiyo inayonisumbua, kwa sababu mambo mengi ya Desemba hayana safu.

Mwaka jana tulikwenda Marangu, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro nchini Tanzania, kwa mama mkwe wangu tangu mwanzoni mwa Desemba hadi katikati ya Januari, muda ambao mtoto wa shule ya kawaida ya Houston, mwenye likizo ya wiki mbili tu, asingeweza kuupata. Watanzania wanaujua utani wa Wachaga kwenda kuhesabiwa kila Krismasi. Kwa Bibi si utani: jioni ya tarehe 24 huketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko la kuni na kutaja jina la kila mwanawe, mkwewe na mjukuu, aliyefika na asiyefika, na anayekosekana huulizwa habari zake kabla hajatajwa anayefuata.

Binti yetu alikuwa amehangaika na saa za Kiswahili kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemwambia aongeze au apunguze 6, naye akawa anafanya hivyo bila kuelewa sababu. Siku za mwanzo pale Marangu, kwa kuwa kuna tofauti ya saa 9 na Houston, aliamka kabla ya mapambazuko, akawa anakaa barazani na Bibi akisubiri ukungu wa vuli uondoke ili aione Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Nikampa kazi ya kuandika kila siku jua linachomoza na kuzama saa ngapi. Siku zikapita, namba zikabaki karibu zilezile: saa 12 na dakika kama 20 asubuhi, saa 12 na dakika kama 40 jioni. Nikamtafutia za Houston, ambako mchana wa Desemba una saa 10 na robo hivi na mchana wa Juni hufikia saa 14. Akazitazama, kisha akanifuata jikoni mbio. "Mama, saa hii ilitungwa huku! Kule kwetu jua lingeivuruga." Marangu iko nyuzi 3 na kitu kusini mwa ikweta, na mtu aliyezaliwa hapo anaweza kuanza kuhesabu saa tangu jua linapotoka mwaka mzima, asipotee. Niliandika kwenye safu ya hisabati, ingawa niliona wazi kwamba alichokipata ni lugha yake.

Kitinda mimba alishikamana na ulezi. Bibi hupika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, mwenyewe kwa ajili ya sikukuu, na kazi huanza siku nyingi kabla, kwa kuloweka ulezi na kuufunika kwa majani ya mgomba mpaka uchipue. Kila asubuhi mtoto alifunua jani kwa vidole viwili, akachungulia, akafunika tena. Siku moja punje zile nyekundu zilikuwa zimetoa vijizizi vyeupe kama nyuzi za kushonea, naye akapiga kelele hadi jirani akaitikia. Kimea kikaanikwa na kusagwa, ndizi mbivu zikachemshwa na kuachwa siku kadhaa, zikachujwa, kisha togwa la ndizi likachanganywa na uji wa kimea na kulazwa. Nilimweleza kwamba punje inapochipua wanga wake hugeuka sukari, na kwamba kuna viumbe wadogo wasioonekana ambao hula sukari hiyo na kuacha kileo. Sayansi haimo katika zile safu 5, kwa hiyo niliandika pembeni mwa ukurasa.

Wazee wa jirani waliuliza, na wana haki ya kuuliza, kama kweli watoto hawa wanasoma. Mmoja alimpa mwanangu hesabu ya kugawa kichwani, akaridhika. Mwingine hakuridhika, na sikubishana naye.

Jambo lililonishinda kabisa kuliwekea safu lilitokea tarehe 28. Katika ukoo wetu ndugu wawili, ambao watoto wangu huwaita baba mkubwa na baba mdogo, walikuwa hawasalimiani kwa miaka minne kwa sababu ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Mpaka huo, kama mipaka mingi ya uchagani, umepandwa masale, ule mmea mrefu wenye majani membamba yanayoning'inia, nao ulikuwa umeng'olewa mahali na kupandwa upya hatua chache upande wa pili. Nani aling'oa, kila mmoja ana maelezo yake, na mimi niliyeolewa hapo sina la kusema. Alfajiri hiyo baba mkubwa, ambaye ndiye mwenye umri, alikata jani moja la isale kwenye mpaka uleule, akafunga fundo katikati yake, akavuka akiwa amelishika kwa mikono miwili. Kwa mila za huko, anayeletewa isale hapaswi kulikataa, hata kosa likiwa kubwa kiasi gani. Mwanangu alikuwa uani akimwaga maji ya kuku. Alimwona baba mdogo akitoka na kanga ya mkewe mabegani, akasimama muda mrefu akiliangalia lile jani, kisha akalipokea. Hawakukumbatiana. Walikaa kwenye benchi wakizungumza habari za mifongo, ile mifereji ya kumwagilia, na maji, na baadaye Bibi akawapelekea mbege katika kata moja, wakanywea kwa zamu. Mchana mbuzi alichinjwa, na ardhi ikapimwa upya mbele ya wazee.

Usiku mwanangu hakulala. Aliniuliza kwa nini mmea uleule unatumika kutenga watu na kuwapatanisha, nikamwambia amuulize Bibi. Bibi akamjibu, "Mume wangu, utaombea wapi msamaha kama si pale mlipogombania?" Nimefundisha uraia mwema kwa miaka sita, kwa habari za kura, foleni na kodi, na wala sizidharau, lakini sikuwahi kumwonyesha mtu mzima mwenye mvi akibeba kosa lake mikononi na kuvuka nalo mbele ya macho ya watu.

Nilipofungua daftari, mwanangu akaniomba kalamu. Akasema ataandika mwenyewe, tena kwa Kiswahili, lugha ambayo hadi siku ile alikuwa akiizungumza vizuri lakini akikwepa kuiandika. Aliandika ukurasa mzima akipita juu ya mistari yote ya safu, kuanzia kuku hadi kata ya mbege, kwa mwanga wa taa ya sola, mdogo wake akikoroma kando yake. Alikuwa ameandika "kiamba" badala ya kihamba, na "samea" badala ya samehe. Nikayarekebisha maneno hayo mawili kwa penseli, nikayaandika chini, kwenye safu ya tahajia, ambayo mwezi mzima ilikuwa tupu.