Mgeni wa kazini apewe mtu wa kumuuliza

Jumatatu tunampokea mhasibu mpya, kijana wa Kigoma, na atafanyia kazi hukohuko kwao. Kompyuta yake imeshapanda basi, maana sitaki siku yake ya kwanza iishie stendi akisubiri mzigo.

Ninachokihangaikia zaidi ni maswali madogo. Hapa Dar mtu mpya humgeukia aliyekaa jirani: "Dada, risiti hii naiweka wapi?" Imekwisha. Aliye mbali inabidi aliandike swali hilohilo kwenye kundi la WhatsApp, mbele ya mabosi na watu asiowajua hata sura, na wengi huona haya. Ofisi niliyofanya kazi zamani, dada mmoja wa Mbeya alikaa karibu wiki nzima bila nywila ya mfumo wa malipo. Kila mtu alidhani mwenzake ameshampa. Mwaka haukuisha akaondoka.

Ndiyo maana kila mgeni nampa mwenyeji mmoja, asiye bosi wake. GitLab, kampuni isiyo na ofisi na yenye watu katika nchi nyingi, hufanya hivyo pia, na mwongozo wake uko wazi mtandaoni. Kwetu mwenyeji hupiga simu ya kawaida asubuhi na jioni. Video inakula bando, na anayehofia bando haongei sana. Wakati wa kufunga hesabu za mwezi huacha laini wazi, kila mmoja anafanya lake, swali likija linajibiwa papo hapo. Mwenyeji nampunguzia majukumu mengine. Aliyezidiwa atasema "subiri kidogo" mpaka mgeni achoke kuuliza.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nampa siku ya kwanza, ila dogo: alinganishe malipo ya mteja mmoja na taarifa ya benki, kazi ya kweli ambayo kuna mtu anaisubiri.

Mwenyeji wa kijana huyu ni kaka yetu wa Bujumbura. Ziwa lao moja, Tanganyika, lakini saa ya Burundi iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo kikao cha Jumatatu nimekisogeza hadi saa nne, na tunaanza kwa salamu kamili: msiba, harusi, mtoto anayeumwa. Wawili hao wameshaanza kubishana bei ya migebuka, samaki wa ziwa hilo. Nimeomba fungu la nauli wakutane Kigoma kabla ya kufunga hesabu za mwaka. Ombi liko mezani kwa mkurugenzi, na wiki hii nitalifuatilia.