Somo yangu ataitwa Halima

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, dada zangu.

Mtoto wa kaka yangu amejifungua alfajiri ya Jumamosi, alhamdulillah, mtoto wa kike. Jumatatu jioni akanipigia simu: "Shangazi, Ijumaa siku ya saba tunachinja akika, na mtoto tunamwita Halima. Atakuwa somo yako." Nikasema mashaallah, nikawaombea dua. Simu ilipokatika nikabaki nimekaa kitandani, sina raha hata kidogo.

Asubuhi ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimemfokea binti anayetusaidia kazi nyumbani. Chupa ya chai ilimponyoka, kioo cha ndani kikapasuka, chai ikatiririka hadi chini ya kochi. Niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa. Hakujibu neno. Alichutama, akaokota vigae kimoja kimoja, vile vyembamba vinavyong'aa kama magamba ya samaki, akavitia kwenye kizoleo. Mimi huyo ndiye Halima wa kuachiwa mtoto jina.

Tumezoea kusema Halima maana yake mpole, tukaishia hapo. Lakini mpole anaweza kuwa mtu asiye na ubavu wa kufanya lolote. Mwenye hilmu ni yule aliyeudhiwa, uwezo wa kuadhibu anao, na akajizuia. Ndiyo maana Allah Mwenyewe ni Al-Halim: tunamuasi mchana kweupe na riziki haikati. Surat Fatir inamalizikia hapo, kwamba lau angewachukulia watu kwa waliyoyachuma, asingeacha juu ya ardhi hata mnyama mmoja. Nabii Ibrahim kasifiwa kwa hilmu, na mwana aliyebashiriwa naye akaitwa "ghulamin halim". Bi Halima Saadia, aliyemnyonyesha Mtume wetu (s.a.w.), sina haja ya kumweleza.

Babu yake mwanachuoni Said bin Musayyab aliitwa Hazn, yaani ugumu. Mtume akataka kumwita Sahl, wepesi. Akakataa, hawezi kuliacha jina alilopewa na baba yake, na mjukuu anasimulia kuwa ugumu ule haukuwatoka. Mimi nilipewa jina laini, ugumu nimeutafuta mwenyewe.

Ofisini mkubwa wangu akinisema mbele za watu, nanyamaza. Miaka yote najisifu kuwa hiyo ni hilmu. Siyo, dada zangu, ni woga wa mshahara. Hilmu yangu inapimwa jikoni, kwa binti ambaye mama yake yuko mbali na simu yake haina salio.

Na mniwie radhi, hili si langu peke yangu. Tunafunga Sunna ya Alhamisi, tunatoka darasani tumelia, na futari ikichelewa kidogo nyumba nzima inatikisika. Dada wa kazi anaitwa "wewe", jina lake hata mgeni halijui. Anasema Anas (r.a.) kwamba alimtumikia Mtume miaka 10, hakuwahi kumwambia hata "uff", wala kumuuliza kwa nini umefanya hivi. Anas alikuwa kijana mdogo tu, na kijana mdogo hakosi kukosea! Na kile kisa cha bakuli: mke mmoja wa Mtume alimpiga mkono mtumishi aliyeleta chakula kutoka kwa mke mwingine, bakuli likaanguka na kuvunjika. Mtume akakusanya vipande kwa mkono wake, akakusanya na chakula, akasema, "Mama yenu ameona wivu." Yule mtumishi hakurudi mikono mitupu, alipewa bakuli zima. Nyumbani kwangu, aliyeokota vipande ndiye aliyefokewa.

Usiku ule nikamfuata jikoni, anaosha sufuria. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, yakapotea yote. Nikasema, "Nimekukosea, mwanangu, nisamehe." Akajibu, "Yameisha, mama," bila kugeuka.

Yaa Halim, tusitiri na uturuzuku hilmu kwa walio chini ya mikono yetu.

Ijumaa inshaallah nitampakata somo yangu. Chupa nyingine nimenunua juzi. Binti anaibeba kwa mikono miwili, na kabla ya kuiweka mezani ananitazama kwanza usoni.