Bahasha Juu ya Friji

Nyuma ya bahasha ya bili ya umeme nilikuwa nimeandika majina ya miji mitatu ya theluji: Revelstoke, Cooke City, Alpine. Mke wangu aliikuta juu ya friji akacheka. "Baba Zuhura, wenzako huhama kufuata kazi. Wewe unafuata theluji?" Nikamwambia ndiyo, wala sikuwa natania.

Revelstoke nilikuwa nimeshaikata. Mlima Copeland, karibu na mji huo, uliangukiwa na zaidi ya mita 24 za theluji majira ya baridi ya 1971–72, lakini uko Kanada, na makaratasi yangu yote yalikuwa ya Marekani. Kuhamisha familia nchi nyingine kwa ajili ya pikipiki ya theluji, hata mimi ningeona haya. Basi Februari ile nikaomba likizo ya siku mbili, nikafunga pikipiki kwenye trela, nikaenda Montana kutazama nyumba ya kupanga Cooke City.

Majira ya baridi magari hufika huko kwa njia moja tu: kutoka Gardiner, kupitia ndani ya hifadhi ya Yellowstone, kilomita kama 90. Mbele ya mji barabara haisafishwi, inaishia kwenye ukuta wa theluji. Bonde la Lamar nilikuta baisani, wale nyati wa Marekani, wametanda barabarani, nikawafuata taratibu kama mchungaji asiye na fimbo. Hata hilo nililihesabu kuwa raha ya mahali. Na mji wenyewe ulikuwa vile nilivyousikia: unawasha injini mlangoni, unakatiza mtaa mkuu, punde uko njia ya kupanda mlimani, Daisy Pass.

Usiku ule theluji ilianguka hadi alfajiri. Koleo nililolichomeka barazani lilizama nusu ya mpini. Nikavaa haraka haraka. Mwenye nyumba, mzee aliyezeekea pale, alikuwa jikoni na soksi zake, anakunywa kahawa.

"Mzee, hutoki?"

"Leo? Chini kuna theluji ya mwanzo wa msimu, imeshakuwa punje punje kama sukari, haishikani. Juu yake imetwikwa mzigo mpya, theluji inaweza kuporomoka. Mimi nangoja siku tatu."

"Kesho mimi narudi kazini."

"Hapo sasa," akasema, akaendelea na kahawa yake.

Nilijiambia nitabaki mabondeni. Nilibaki kweli, karibu robo saa. Kisha nikaona uwazi mweupe kati ya misonobari, haujaguswa na mtu, nikabinya mafuta. Mkanda wa pikipiki ukachimba shimo, pikipiki ikakaa kitako. Niliposhuka nilizama hadi kiunoni, na hapo ndipo nikasikia: vuuum. Uwanda wote ukashuka chini yangu, kidogo tu, kama kitanda kilichokatika chaga. Ufa mwembamba ukakimbia mbele ya ski za pikipiki, ukaelekea kwenye mteremko uliokuwa juu yangu, ukasimama.

Kifuani nilivaa kile kifaa cha redio cha kumtafutia mtu aliyefukiwa na maporomoko ya theluji. Kilikuwa kinafanya kazi vizuri. Lakini nilikuwa peke yangu, kingemwita nani?

Nilichimba kwa koleo saa nzima, bila kuinua macho mara mbili kwenye ule mteremko. Jasho lilipenya hadi kwenye koti, na sidhani kama lote lilikuwa la kazi.

Nilivyorudi mzee alinitazama kofia, akanimiminia kahawa, hakuuliza neno. Mimi ndiye niliyeuliza: fundi wa dizeli anapata kazi hapa majira ya baridi? Alicheka hadi akakohoa.

Njiani kurudi, nikiwa nyuma ya baisani walewale (au ndugu zao), nilikuwa nawaza Alpine, kule Wyoming. Theluji yake mjini ni haba kuliko ya Cooke City. Lakini njia ya pikipiki za theluji ya Greys River inaanzia pale pale, na mji wa Jackson, kwenye gereji za kufanyia kazi, ni kama kilomita 60 tu. Siku ambayo mlima haufai, mtu anakwenda zake kazini, na kesho kutwa mlima bado uko.

Nilifika nyumbani usiku, nikaizungushia Alpine duara, nikalala. Asubuhi bahasha ilikuwa mezani. Pembeni ya duara, kwa mwandiko wa mke wangu: "Shule?"

Sikuwa nimeulizia.