Feni ilizunguka nusu, ikakata

Saa nne usiku nilibonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta yangu mpya. Feni ikazunguka nusu mzunguko, ikasimama. Nikabonyeza tena: kimya. Nikazima swichi ya nyuma, nikasubiri, nikawasha. Yale yale.

Kompyuta hii nilikuwa nimeidunduliza miezi saba. Nahariri video za harusi, na laptopu yangu ilikuwa inakesha kutoa video moja. Nikawa nanunua kimoja kimoja Kariakoo: prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Ryzen 5 5600, mazabodi (ubao mkuu unaounganisha kila kitu) ya B550 ya ukubwa kamili, RAM (vijiti vya kumbukumbu) mbili za GB 8, pawa saplai ya wati 550 na kadi ya grafiki ya mtumba. Kasha nilipewa na rafiki aliyekuwa akitumia mazabodi ndogo. Likumbuke hilo kasha.

Kuunga kwenyewe hakukunisumbua. Prosesa ina pembetatu ndogo ya dhahabu kwenye kona. Ukiilinganisha na alama ya soketi inazama yenyewe. Ukiona unalazimika kusukuma, acha, maana ina pini 1,331 na zinapinda upesi. RAM nilizipachika tundu la pili na la nne, kuhesabu kutoka upande wa prosesa.

Usiku huo nilianza na makosa ya wageni. Waya wa pini nane wa prosesa, ule wa kona ya juu ambao wengi huusahau, ulikuwepo. Nikatoa RAM, nikajaribu moja moja. Nikang'oa kadi ya grafiki. Nilijua prosesa ya 5600 haitoi picha bila kadi, ila shida yangu ilikuwa feni tu. Nusu mzunguko, kimya. Nikalala nikiwa na uhakika nimeuziwa pawa saplai mbovu, na nimeshapanga maneno ya kumwambia muuzaji.

Asubuhi nikampigia mjomba wangu, fundi redio wa siku nyingi, ambaye hajawahi kuunga kompyuta.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu."

Nikamweleza. "Inashtuka halafu inakata?"

"Ndiyo."

"Basi pawa haijafa. Iliyokufa haishtuki. Hiyo inakimbia shoti. Itoe kwenye bati, uilaze juu ya kitu kikavu."

Nikafungua skrubu zote, nikailaza mazabodi juu ya boksi lake la karatasi, nikaunga nyaya mbili za umeme, prosesa na feni yake, RAM moja, basi. Kitufe kimebaki kwenye kasha, kwa hiyo nikagusanisha zile pini mbili za kuwashia kwa ncha ya bisibisi. Feni ikazunguka, ikaendelea kuzunguka! Nilikaa naitazama kama mtu anayetazama sufuria ikichemka.

Nikachungulia ndani ya kasha. Kumbe vile vinguzo vya shaba vinavyobeba mazabodi, viwili vilikuwa vimefungwa kwa vipimo vya mazabodi ndogo ya rafiki yangu. Mazabodi yangu haina matundu sehemu hiyo, hivyo vilikuwa vinagusa solda chini ya ubao. Kimoja kilikuwa kimeacha kikwaruzo cha duara. Nikavifungua kwa koleo, nikarudisha kila kitu.

Saa saba mchana monita ikaonyesha prosesa na GB 16 zote. Waya wa kitufe cha kuwasha upya bado unaning'inia ndani. Sina nguvu ya kufungua tena.