Kima wanakula vidaka vya shangazi

Jumapili nilipanda gari ya 309 nikashuka kijiji cha Pete, hapa Unguja, kwa shangazi, shamba lake limepakana kabisa na msitu wa Jozani. Nikamkuta kainama chini ya mnazi anaokota vidaka, vile vinazi vichanga, vilivyotafunwa nusu, anavihesabu kimoja kimoja kama mtu anayedai deni lake. Juu kwenye muembe kima punju sita wametulia zao, mmoja kashika kipande cha mkaa anakitafuna taratibu kama biskuti. Wataalamu wanasema mkaa unawaondolea sumu ya majani ya miembe na mikungu, sawa, lakini mkaa wenyewe unatoka jikoni kwa shangazi bwana.

Huyu mnyama zamani hapendwi, hilo jina punju ni sumu, wazee wakisema mti anaoula unakufa. Leo watu wanapanda ndege kuja kumuona kwa sababu porini hayupo kokote isipokuwa hapa kwetu Zanzibar. Jozani imekuwa hifadhi ya taifa 2004 na fungu la viingilio linarudi vijijini, limesaidia mambo ya skuli na maji, na wakulima nao wana umoja wao. Sibishi.

Ila mie naona hivi, skuli ni ya kijiji kizima, mnazi ni wa shangazi peke yake. Fungu likigawiwa, wa mpakani na wa kule barabarani ambaye kima hajawahi kumkanyagia hata bati wote sawasawa, kwa nini asianze aliyeliwa?

Nikamwambia kuna watafiti walihesabu minazi huku wakachapisha 1999, wakakuta mavuno hayapungui maana mnazi wenyewe unapukutisha vidaka vingi tu. Akacheka mpaka kanga ikamvuka begani. "Mwanangu, basi waje wanisaidie kuokota!"

Jioni tukapita njia ya mbao inayokatiza mikoko, ile napenda kweli, mtalii anatembea juu ya maji kaa wanakimbia chini yake, na fungu la pesa yake linabaki Pete hapahapa, kila mtu anaiona ilipoingia na ilipotoka.

Nikaondoka na madafu mawili kwenye kipolo. La tatu lilikuwepo, shangazi akalitazama akaliacha pale pale mnazini, eti lile kawaachia wenyewe.